Warumi wa Kale katika Darasa la Lubao: Kazi za Vikundi na Nafasi ya Kiswahili

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi habari za Warumi wa kale zinavyoweza kufundishwa kwa kazi za vikundi, na kwa Kiswahili, katika shule za mashambani ambako Kiswahili si lugha ya mama wala si lugha ya kufundishia historia. Mahali palipochaguliwa kuwa mfano ni Lubao, soko lililo kando ya barabara itokayo mjini Kakamega kwenda Webuye, magharibi mwa Kenya. Mtoto wa huko aghalabu hulelewa katika Kiluhya na hufundishwa masomo mengi kwa Kiingereza. Kiswahili hukutana nacho sokoni, kanisani, redioni, na katika kipindi chake maalumu darasani. Warumi nao humfikia kwa vipande vipande: namba zao katika hesabu, liwali wao katika Injili, na pengine Kaisari wao katika tamthilia ya Shakespeare. Kwa kuwa vipande hivyo huja vimefungwa katika Kiingereza, mwanafunzi hujengeka na dhana kwamba Warumi ni jamaa za Waingereza, na kwamba yeye hawezi kuwafikia ila kwa kupitia kwao.

Dhana hiyo yafaa ichunguzwe na walimu wa Kiswahili kabla ya walimu wa historia, kwani katika mambo kadhaa ya msingi lugha ya Kiswahili iko karibu zaidi na Warumi kuliko Kiingereza. Kazi za vikundi ndizo njia bora ya kuwafanya wanafunzi waugundue ukaribu huo wenyewe. Hata hivyo, kuna kazi za vikundi za namna mbili. Ya kwanza ni ile ya kuwavika watoto mashuka, kuwapa panga za mbao na kuwaambia waigize. Hiyo hufurahisha, na haina madhara makubwa, lakini ikiisha hubaki mashuka. Ya pili ni ile inayokipa kikundi jambo la kuamua, ambalo haliwezi kuamuliwa bila kubishana juu ya maneno. Hiyo ya pili ndiyo inayohusika hapa.

Tuanze na saa. Warumi waliugawa mchana katika saa 12, wakianza kuhesabu jua linapochomoza. Kwa hiyo saa yao ya sita ilikuwa adhuhuri, na saa yao ya tisa ilikuwa alasiri. Mwingereza asomaye habari za kusulubiwa kwa Yesu hana budi kuelezwa kwamba saa ya sita iliyotajwa humo si saa ya alfajiri. Mswahili haelezwi kitu. Saa sita ni saa sita. Mwalimu akigawe kila kikundi kijiti kimoja cha kusimika uwanjani, na wanafunzi wapime kivuli chake mara kwa mara tangu asubuhi hadi alasiri. Watakuta jambo la kuwashangaza: kivuli hakiwi kifupi kuliko vyote ifikapo saa sita kamili, bali nusu saa hivi baadaye, na katika miezi mingine karibu saa nzima. Sababu ni kwamba saa za Kenya zimefungwa kwa kufuata mstari wa longitudo ya 45 mashariki, nao mstari huo uko mbali na Lubao upande wa kuchomoza jua. Saa ya mkononi, basi, ni mapatano ya serikali, na kijiti ni ushahidi wa jua. Mrumi aliufuata ushahidi wa jua.

Hapo swali la pili litajitokeza. Lubao iko karibu sana na ikweta, na mchana wake haubadiliki kiasi cha kuonekana mwaka mzima. Mjini Roma mchana wa Desemba ni wa saa 9 hivi za kwetu, na wa Juni ni wa saa 15. Kwa kuwa Mrumi aliugawa kila mchana katika sehemu 12 vivyo hivyo, saa yake ya Desemba ilikuwa na dakika 45 hivi, na ya Juni dakika 75 hivi. Kikundi kipewe kazi ya kueleza jambo hilo kwa Kiswahili sanifu, kwa sentensi zisizozidi tano. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, maana neno "saa" litatumika kwa maana tatu tofauti katika aya moja, na katibu wa kikundi atalazimika kuzitenganisha.

Mfano wa pili unatoka sokoni kwenyewe. Soko la Lubao limejulikana kwa jambo moja lisilo la kawaida katika masoko ya Kenya: siku ya Ijumaa huuzwa mbwa. Hapana shaka kwamba ukali ni mojawapo ya sifa zinazomuuza mbwa. Sasa, mjini Pompeii, uliofunikwa na majivu ya volkeno mwaka 79 baada ya Kristo, kuna nyumba ambayo sakafu ya mlangoni pake imenakshiwa kwa vijiwe picha ya mbwa aliyefungwa mnyororo, na chini yake maneno mawili ya Kilatini: CAVE CANEM. Vikundi vipewe maneno hayo mawili, pamoja na maana yake ya neno kwa neno, "jihadhari" na "mbwa", kisha viulizwe: je, Mrumi huyu angalikuwa na nyumba Kakamega, angaliandika nini langoni?

Jibu la haraka litakuwa lile lililoandikwa kwenye malango mengi ya Kenya: MBWA KALI. Na hapo ndipo somo linapoanza. Sarufi ya Kiswahili sanifu hudai "mbwa mkali", kwa kuwa majina ya viumbe wenye uhai, hata yale yenye umbo la ngeli ya N, huchukua upatanisho wa ngeli ya kwanza na ya pili. Kikundi kimoja kitatetea kanuni. Kingine kitasema kwamba wenye malango hawawezi wote kuwa wamekosea. Mwalimu asikate shauri upesi. Ukweli ni kwamba "mbwa mkali" ndiyo sahihi kwa mtihani na kwa maandishi rasmi. Lakini maneno ya langoni yana hoja yake. Kwa kuwa "mbwa" haibadiliki katika wingi, anayeandika "mkali" amekiri kwamba ana mbwa mmoja, na anayeandika "wakali" huenda akaulizwa wako wapi. Anayeandika "kali" hakumwambia mwizi idadi. Mrumi, kwa upande wake, alisema waziwazi: "canem" ni mmoja. Tena Mrumi alimsemesha mpita njia kwa kitenzi cha amri, ilhali Mkenya anamweleza mbwa na kumwachia mpita njia atambue mwenyewe la kufanya. Wanafunzi wakifikia hapo watakuwa wamegusa upatanisho, umoja na wingi, hali ya amri, na matumizi ya lugha katika jamii, na yote hayo kutokana na maneno mawili.

Kazi ya tatu yaweza kuitwa nasaba ya maneno. Kamusi nyingi zikimwambia msomaji kwamba neno fulani limetoka katika Kiarabu au Kireno huishia hapo, kana kwamba neno lilizaliwa huko. Darasa ligawanywe katika vikundi vitatu, kila kimoja kipewe njia moja. Kikundi cha njia ya Kiarabu kitafuata "dinari", ambalo ni "denarius" ya Warumi. "Kasri", ambalo kwa maelezo ya wataalamu wengi ni "castrum", yaani ngome. "Kandili", ambalo ni "candela". Na "sirati", njia ile iliyonyooka ijulikanayo na Waislamu, ambayo asili yake yaelezwa kuwa "strata", barabara iliyotandazwa mawe. Kikundi cha Kireno kitapata "meza" kutoka "mensa", "mvinyo" kutoka "vinum", na "kasha" kutoka "capsa". Kikundi cha Kijerumani na Kiingereza kitapata "shule" kutoka "schola", pamoja na "maili" na "seneti". Kila kikundi kikisha kutoa ripoti, mwalimu aongeze "sabuni". Neno hili nalo lilifika kwa Waarabu kutoka Kilatini, "sapo". Lakini Warumi wenyewe walilikopa kwa watu wa kaskazini, na mwandishi wao Pliny aliisema sabuni kuwa uvumbuzi wa Wagauli. Mwanafunzi aliyezoea kuambiwa kwamba Kiswahili ni lugha ya mikopo anastahili kujua kwamba Kilatini nacho kilikuwa kikikopa.

Majina ya miezi yaweza kupitiwa kwa dakika chache tu. "Septemba" ina maana ya saba, ilhali ni mwezi wa tisa, kwa kuwa mwaka wa Warumi hapo kale ulianza Machi. Asiyeona ajabu yake aulizwe kwa nini katika Kiswahili Jumatano, yaani ya tano, hufuatwa na Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu ni ya tano pia.

Lililo zito zaidi ni suala la upigaji kura, maana hapa kikundi chenyewe ndicho fundisho. Katika mkutano wao mkuu uliowachagua makonsuli, Warumi hawakuhesabu kura za mtu mmoja mmoja. Walihesabu kura za vikundi. Kwa mpango ulioelezwa na waandishi wao, vikundi hivyo vilikuwa 193. Wapanda farasi walikuwa na 18 na matajiri wa daraja la kwanza 80, jumla 98, yaani zaidi ya nusu. Maskini wasio na mali walirundikwa katika kikundi kimoja. Tena matajiri walianza kupiga kura, na wengi wa vikundi walipokwisha kupatikana upigaji ulikoma. Chukua darasa la wanafunzi 42. Ligawanywe vikundi tisa: vitano vya wanafunzi wawili wawili, vitatu vya sita sita, na kimoja cha 14. Shauri lipigiwalo kura sharti liwe na uzito kwao, mathalan zamu za kufagia darasa. Vile vitano vikikubaliana, mambo yamekwisha: 10 wameshinda, na 32 hawakuulizwa.

Kelele itakuwa kubwa, na ni heri iwe. Baada yake kila katibu aandike kama shauri limepita kwa wingi au la. Atagundua kwamba "kura nyingi" na "watu wengi" si kitu kimoja, na kwamba neno "wengi" linaweza kuficha mengi. Wazazi wa Lubao wanakumbuka mlolongo wa mwaka 1988, wagombea wa KANU walipoteuliwa kwa watu kupanga foleni nyuma yao mbele ya macho ya wote. Warumi nao walipiga kura kwa kutamka hadharani mpaka sheria ya mwaka 139 kabla ya Kristo ilipoleta kura ya siri katika uchaguzi wa viongozi. Mwanafunzi atakayepeleka swali hilo nyumbani jioni atarudi na jibu ambalo halimo kitabuni.

Kuna jambo moja ambalo halifai kuigizwa hata kidogo, nalo ni utumwa. Haiwezekani kufundisha habari za Warumi bila kuutaja, lakini kumsimamisha mtoto wa Afrika Mashariki mbele ya wenzake auzwe kwa mchezo ni ukatili, hasa katika eneo la dunia ambalo soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu. Kazi ifanywe kwa maneno. Mtumwa aliyezaliwa nyumbani kwa bwana wake Warumi walimwita "verna", na Kiswahili kina neno lake tayari: mzalia. Kiingereza hulazimika kutumia maneno mengi. Kikundi kijiulize kwa nini lugha mbili zilizo mbali namna hii zimekuwa na neno moja moja kwa ajili ya mtu huyo. Jibu, bahati mbaya, liko wazi. Mtumwa aliyeuzwa Roma aliweza kuning'inizwa kibao shingoni chenye maelezo ya asili yake na kasoro zake. Katika shule nyingi za Kenya mtoto aliyeteleza akasema lugha ya mama alivishwa kibao shingoni. Mwalimu hana haja ya kulinganisha vibao hivyo viwili. Darasani hapatakosa atakayelinganisha.

Kwa hiyo lugha ya kikundi haiwezi kuachwa bila kujadiliwa. Mwalimu akishurutisha Kiswahili tangu sentensi ya kwanza, wanafunzi wawili wenye ulimi mwepesi watasema na wengine watanyamaza. Inafaa zaidi mabishano yaachwe yaende katika lugha yoyote, Kiluhya kikiwemo, ilimradi ripoti itolewe kwa Kiswahili na kila mmoja awe na sehemu ya kusoma. Kipindi cha dakika 40 hakitoshi kwa mabishano na ripoti. Kazi ya saa na ile ya nasaba ya maneno zapaswa kupewa vipindi viwili kila moja.

Mwisho ni tahajia. Ripoti zikikusanywa, kikundi kimoja kitakuwa kimeandika "Kaisari" kama ilivyo katika Biblia, kingine "Kaizari" kama alivyoandika Nyerere alipokitoa upya kitabu chake cha mwaka 1963 mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na cha tatu "Siza", kwa kufuata matamshi ya Kiingereza. Mmoja aliyesikia habari za Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, atasema kwamba Kaisari wa Rumi ni Herekali, na atakuwa anamtaja mtawala wa Konstantinopoli aliyesema Kigiriki. Mwalimu asitie alama nyekundu kabla ya kila kikundi kueleza kilipolipata neno lake, kisha awaambie jinsi mwenye jina alivyoitwa na watu wake: kwa sauti ya "k".