"Mwita" wa kwenye grupu ni nani? Ugomvi wa mtandaoni unavyogawa ndugu

Mugumu. Chukua mfano wa familia moja ya hapa Mugumu, wilayani Serengeti. Babu amefariki dunia na ndugu wamefungua grupu la WhatsApp la kuchangia msiba. Wamo wa Mugumu mjini, wamo wa Tarime, wamo wanaofanya kazi Nyamongo mgodini, wengine wako Mwanza na Dar es Salaam. Shangazi ndiye mtunza fedha. Kila anayetuma, jina lake linaongezwa kwenye orodha.

Siku ya tatu baada ya mazishi, saa tatu usiku, ujumbe unaingia: "Hela ya msiba imeliwa. Anayeshika daftari anajua." Aliyeandika anaonekana kwa jina moja tu, Mwita, na picha yake ni ya ng'ombe.

Hakuna anayeuliza kama hela imeliwa kweli. Wote wanauliza ni Mwita yupi, maana kwenye ukoo huo wapo watatu. Shangazi ana uhakika ni yule wa Mwanza, kwa sababu waliwahi kukosana kuhusu shamba. Anajibu kwa hasira na kuyataja mambo ya shamba mbele ya ndugu wote. Mwita wa Mwanza, ambaye hajaandika hata neno moja, anaanza kutukanwa. Mkewe anamjibia. Baba mdogo "analefti". Kunapokucha, nusu ya ukoo hausalimiani, na tanga bado halijaanuliwa.

Huo ni mfano tu, lakini mzazi mwenye simu na grupu la ukoo, la darasa la mtoto, la kikoba au la kwaya hatashindwa kuutambua. Ugomvi wa mtandaoni mara nyingi huanza na swali ambalo halikupata jibu: anayesema haya ni nani?

Jina peke yake si mtu

Mkoani Mara, hasa katika familia za Kikurya, majina yanajirudia. Chacha, Marwa, Mwita, Bhoke, Rhobi na Ghati wapo karibu kila boma. Ndiyo maana watu wakikutana ana kwa ana, jina halitoshi. Utaulizwa wewe ni wa nani, wa kijiji gani, ukoo gani. Baada ya maswali matatu ya namna hiyo, mtu amejulikana.

Kwenye grupu maswali hayo hayaulizwi. WhatsApp inaruhusu hadi watu 1,024 katika grupu moja. Namba ambayo hujaihifadhi kwenye simu yako huonekana na jina ambalo mwenye simu amejichagulia, likitanguliwa na alama ya ~. Anaweza kujiita Mwita, Mama Junior au Mzee wa Busara, na hakuna anayemkagua. Picha nayo inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa, imechukuliwa Facebook jana.

Hata namba uliyoihifadhi inaweza kukudanganya. Jina linalotokea ni lile uliloliandika wewe, pengine miaka mingi iliyopita. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba yake kupewa mteja mwingine. Simu yako haijui hilo. Itaendelea kukuonyesha jina la binamu yako.

Laini ni ya nani, kidole ni cha nani?

Wengi hudhani suala hili liliisha pale usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza Mei 1, 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa baada ya Januari 20, 2020. Ni kweli kwamba usajili ule uliifunga kila laini na kitambulisho cha Nida cha mtu fulani, na polisi wakihitaji wanaweza kumfikia. Lakini usajili unaonyesha laini ni ya nani. Hauonyeshi ni nani aliyeishika simu saa tatu usiku.

Katika nyumba nyingi simu moja ina watumiaji zaidi ya mmoja. Mama anampa mtoto aangalie matokeo, mtoto anaingia kwenye magrupu. Babu hajui kusoma ujumbe, mjukuu anamsomea na kumjibia. Wapo pia wanaotapeliwa: mtu anapiga simu, anajifanya wakala au mtu wa mtandao wa simu, anaomba namba ya siri ya tarakimu sita iliyotumwa na WhatsApp. Ukimpa, anaihamishia akaunti yako kwenye simu yake. Kuanzia hapo anayeomba hela au kutukana watu kwa jina lako si wewe, ila ndugu zako hawajui.

Mzazi anaweza kubonyeza *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta namba asiyoitambua, aende kwenye duka la mtandao husika ifutwe. Na kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, kuna uthibitishaji wa hatua mbili. Mzazi akiweka hapo namba yake ya siri, tapeli atakayepata zile tarakimu sita bado atakwama.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba mwaka huo, inayagusa moja kwa moja mambo haya ya magrupu. Kifungu cha 15 kinakataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta au simu. Adhabu yake ni faini isiyopungua Sh5 milioni, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote kwa pamoja. Kifungu cha 16 kinahusu kusambaza taarifa za uongo, na kifungu cha 23 kinahusu kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo. Kila kimoja kina faini isiyopungua Sh5 milioni au kifungo kisichopungua miaka mitatu.

Kwa hiyo ujumbe wa "Mwita" unaweza kuwa kosa, na matusi aliyorushiwa Mwita wa Mwanza yanaweza kuwa kosa pia. Aliyeanza na aliyejibu wote wanaweza kujikuta kituoni.

Pamoja na hayo, si kila anayeficha jina ana nia mbaya. JamiiForums, jukwaa lililoanza mwaka 2006, lilipata umaarufu kwa sababu wachangiaji wake waliweza kufichua ufisadi wakitumia lakabu. Mwanzilishi mwenza wake, Maxence Melo, alikamatwa Desemba 2016. Aprili 2020 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ilimtia hatiani kwa kuzuia uchunguzi wa polisi uliohitaji taarifa za wachangiaji, akatozwa faini ya Sh3 milioni. Kwake yeye, kulinda majina yale kulikuwa kulinda watu ambao wangeweza kudhurika.

Tofauti ipo kwenye anachokifanya mtu akiwa amejificha. Anayeficha jina ili aseme ukweli kuhusu mkubwa anayemwogopa ana sababu inayoeleweka. Anayeficha jina ili amchafue shangazi yake anakwepa tu kutazamana naye usoni.

Anapotajwa mtoto

Ugomvi wa watu wazima unapokuwa wa hela, huenda ukasuluhishwa. Unapomgusa mtoto, madhara yake hukaa. Mugumu inalijua hili kuliko miji mingi, kwa sababu ipo nyumba salama inayopokea wasichana wanaokimbia ukeketaji, hasa Desemba shule zinapofungwa. Msichana wa namna hiyo usalama wake unategemea watu wasijue aliko. Picha yake moja ikirushwa kwenye grupu la kijiji na maneno "mwenye kumjua huyu", hata kama aliyeirusha alikuwa na huruma, inaweza kuwafikishia habari walewale anaowakimbia. Na anayejiita "mjomba wake" ndani ya grupu hilo, nani amethibitisha kuwa ni mjomba?

Hivyo ukiona picha ya mtoto anayetafutwa, usiisambaze. Peleka taarifa Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto. Huko ataulizwa kwanza anayemtafuta ni nani, swali ambalo kwenye grupu halikuulizwa.

Kabla hujajibu

Wakurya wana baraza lao la jamii linaloitwa iritongo. Mwenye lalamiko husimama mbele ya watu, uso wake unaonekana, sauti yake inasikika, na anayelalamikiwa yupo. Grupu la WhatsApp linafanana na baraza kwa wingi wa watu tu. Familia ikitaka kupona, inabidi irudishe kwenye simu kile ambacho baraza lilikuwa nacho.

Kwanza, piga simu kabla ya kuandika. Namba iliyokutukana ina mtu. Mpigie, msikie, muulize yeye ni nani wa nani. Asipopokea, nyamaza, usimjibu kivuli.

Pili, tunza ushahidi. Piga skrinishoti inayoonyesha namba, tarehe na saa, si jina peke yake. Kama ni tishio au matusi mazito, hiyo ndiyo utakayoipeleka polisi. Namba za matapeli zinaripotiwa kwa ujumbe kwenda 15040.

Tatu, admin afanye kazi yake. Aweke utaratibu wa kuidhinisha wanaoingia, na kila mmoja ajitambulishe: jina kamili, ni wa nani, yuko wapi. Moto ukiwaka, afunge kwa muda ili admin pekee waandike, na suala lihamie kwenye kikao.

Nne, hesabu ziwekwe wazi kabla hazijaulizwa. Mtunza fedha anayetuma orodha ya mapato na matumizi kila jioni hana haja ya kujitetea usiku.

Tano, angalia simu yako iko mikononi mwa nani.

Hili la tano ndilo lingeimaliza habari ya familia ya kwenye mfano wetu. Tuseme baba mkubwa, badala ya kuandika, anaipigia ile namba asubuhi. Inaita chumba cha pili, kwenye simu ya marehemu, ambayo tangu msiba anayo mjukuu wa kidato cha pili, naye anaitwa Mwita. Jioni ile alimsikia mama yake jikoni akimwambia jirani kwamba hela za msiba hazieleweki. Akaona ailinde heshima ya babu yake.

Mtoto ataombwa amwombe radhi shangazi. Lakini maneno hayakuwa yake. Aliyatoa jikoni akayapeleka kwenye grupu, na mama aliyeyasema ndiye atakayetakiwa kukaa na wifi yake, wafungue daftari, wahesabu pamoja. Kisha mtu aende Mwanza, si kwa ujumbe, akamwombe msamaha Mwita aliyetukanwa bure.