Ufagio wa Kompyuta

Kompyuta hujaa takataka kama ghala lolote lijaavyo. Kila barua iandikwayo humo, kila picha na kila hesabu, huwekwa peke yake kwa jina lake, na kitu hicho kimoja huitwa faili. Faili za jamaa moja hutiwa katika folda, kama karani atiavyo barua za kodi katika mtoto wa meza mmoja na barua za mishahara katika mwingine.

Mwanzoni kazi hii haina taabu. Lakini mtu apataye faili 50 kila siku, mwaka ukiisha atakuwa na faili zaidi ya 18,000, wala hapana mwenye subira ya kuzitazama moja moja. Ndipo aandikapo programu, yaani orodha ya amri, ili kompyuta ijipangie na kujifagilia yenyewe. Mtumishi huyu hachoki, hasinzii, wala hanung'uniki akipewa kazi ya usiku. Ila ana tabia moja ambayo kila amtumiaye hana budi kuijua: hutenda neno lililoandikwa, wala hatendi neno lililokusudiwa.

Tutazame kwanza jinsi anavyopanga. Kompyuta haijui kwamba picha hii ni ya arusi na ile ni ya kitambulisho, ikiwa haikufundishwa hivyo. Programu nyepesi hutazama dalili za nje tu: mwisho wa jina la faili, ukubwa wake, na tarehe iliyobadilishwa mara ya mwisho. Jina la picha mara nyingi huishia kwa herufi jpg, na jina la wimbo kwa mp3. Basi amri huandikwa hivi: likiwa jina laishia kwa jpg, ihamishe faili katika folda ya Picha, likiwa laishia kwa mp3, ihamishe katika folda ya Nyimbo. Amri kumi za namna hii zaweza kupanga kwa dakika moja kazi ya siku nzima ya karani.

Hata hapo pana mtego. Kamera nyingi huzipa picha zake majina ya nambari, na zikifika 9999 huanza tena 0001. Kwa hiyo picha mbili zisizofanana kabisa zaweza kuwa na jina moja. Katika kompyuta za jamii ya Unix, amri ya kuhamisha faili, isipoambiwa vingine, huiweka faili mpya mahali pa ile ya zamani yenye jina hilo, na ya zamani hutoweka bila kelele. Kwa sababu hiyo mwandishi mwangalifu huongeza amri nyingine: likiwa jina hilo limekwisha kuwamo, tia tarehe katika jina la faili mpya.

Kazi ikiisha kuandikwa hupangiwa saa yake. Katika Unix, iliyoanzishwa Marekani katika maabara za Bell, kuna programu iitwayo cron ambayo ni kama mpiga kengele wa shule. Hupewa mahali patano pa kujazwa: dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya juma. Saa iliyotajwa ikifika, huiamsha programu ifanye kazi yake, hata kama watu wote wamelala.

Kufagia ni jambo zito zaidi kuliko kupanga, maana faili iliyopangwa vibaya yaweza kutafutwa, bali iliyofutwa pengine hairudi tena. Amri ya kufagia huwa na sehemu mbili: mahali pa kufagia, na alama ya takataka. Kwa mfano: nenda katika folda fulani, ufute kila faili iliyopitisha siku 10. Watu hufikiri sana juu ya sehemu ya pili, kama siku ziwe 10 au 30. Sehemu ya kwanza huionea kuwa nyepesi, na huko ndiko iliko hatari kubwa.

Jambo hili lilionekana wazi katika nchi ya Japani mwaka 2021. Chuo Kikuu cha Kyoto kilikuwa na kompyuta yenye nguvu nyingi mno, ambayo watafiti waliitumia kwa hesabu zao, wakaweka matokeo katika ghala lililoitwa LARGE0. Palikuwa na programu ya kuweka nakala za akiba, yaani ya kuyalinda matokeo hayo yasipotee. Programu hiyo ilikuwa pia na ufagio wake mdogo: ilifuta kumbukumbu za kazi zilizopitisha siku 10. Kumbukumbu hizo ni faili ambazo mashine hujiandikia kueleza ilitenda nini, nazo zikikaa sana hazina faida.

Kampuni iliyoitengeneza mashine ilitaka kuirekebisha programu ile ili isomeke kwa urahisi, ikabadilisha baadhi ya majina ndani yake. Kisha programu mpya ikawekwa mahali pa ile ya zamani, hali ile ya zamani ingali ikifanya kazi. Lugha iliyotumika, iitwayo bash, haisomi amri zote kwanza ndipo ianze kazi, bali husoma kidogo na kutenda, husoma tena na kutenda. Mfikirie mwanafunzi asomaye maagizo ubaoni, naye amefika mstari wa ishirini. Mtu akifuta ubao na kuandika maagizo mengine, mwanafunzi ataendelea na mstari wa ishirini wa maagizo mapya, pasipo kuona yaliyosemwa juu. Ndivyo ilivyokuwa. Folda ya kumbukumbu ilitajwa kwa jina ambalo maana yake ilikuwa imeelezwa juu zaidi, wala mashine haikupasoma hapo. Jina likawa tupu. Amri ya kufagia ikaliacha folda dogo la kumbukumbu, ikaliangukia ghala lenyewe la LARGE0.

Ufagio ulianza tarehe 14 Desemba, saa 11 na dakika 32 jioni, ukaendelea mpaka tarehe 16, saa 6 na dakika 43 mchana. Ni muda wa saa 43 na zaidi. Haukufuta kila kitu, bali zile faili ambazo hazikubadilishwa tangu tarehe 3 ya mwezi ule, kwa maana sheria ya siku ilikuwa ingali ikishikwa sawasawa. Basi kazi iliyokwisha kumalizika na kuwekwa kwa utulivu ndiyo iliyokuwa hatarini kuliko kazi iliyokuwa mikononi. Zilipotea faili karibu milioni 34, nazo kwa kipimo cha kompyuta zilikuwa kama terabaiti 77. Mtu akitaka kufahamu ukubwa huo, akiwaze kitabu kinene chenye herufi milioni moja, kisha afikiri vitabu milioni 77 vya namna hiyo.

Vikundi 14 vya watafiti viliguswa na hasara hiyo. Baadhi ya faili zilirudishwa kutoka katika nakala za akiba, lakini faili za vikundi 4 hazikuweza kurudishwa. Kampuni ile ilikiri kwa barua kwamba kosa lote lilikuwa lake.

Zipo njia za kuuzuia ufagio usipotee njia. Katika bash kuna agizo moja fupi liandikwalo mwanzoni, lisemalo kwamba likitokea jina lisilo na maana, programu isimame papo hapo. Njia nyingine ni kuiamuru kompyuta itaje tu faili ambazo ingezifuta, pasipo kuzifuta, na mtu aisome orodha hiyo kwa macho yake. Tena wengine hawafuti mara moja, bali huhamisha takataka katika folda ya kungojea. Google Drive hufanya hivyo: tangu Oktoba 2020, faili iliyotupwa hukaa katika pipa lake siku 30, ndipo hufutwa kabisa.

Huko Kyoto, Chuo Kikuu kilisimamisha kazi ya kuweka nakala ili programu itengenezwe, kikatangaza kwamba itaanza tena mwishoni mwa Januari 2022. Pamoja na hayo kiliwaomba watafiti wake waweke nakala za faili zao za maana mahali pengine pia.