Mkufunzi wa Kiingereza na Sikio la Kikamba: Mfano wa Tulia

Yeyote aliyepata kusahihisha insha za Kiingereza za watoto wa Ukambani atakuwa amekutana na sentensi isiyo na dosari ya sarufi, lakini yenye maana ya kushangaza. Huko Tulia, katika Kitui, nililetewa wakati wa likizo daftari la msichana wa gredi ya tano. Alikuwa ameandika kwamba nyanya yake, mkongwe asiyeweza tena kutoka kitandani, hucheza kila asubuhi. Alikusudia 'prays', akaandika 'plays'. Msahihishaji alikuwa ametia alama nyekundu bila ya kueleza kosa. Mtoto mwenyewe, alipoisoma tena sentensi yake kwa sauti, hakusikia kosa lolote.

Kutosikia huko ndiko kunakotuhusu hapa. Kikamba hakina sauti r. Wala hakina b, d na g zisimamazo peke yake. Hutokea tu zikitanguliwa na nazali, yaani mb, nd na ng. Ndiyo maana gari likawa 'ngali', na pesa, kwa kuwa p nayo haimo, zikawa 'mbesa'. Mtoto aliyelelewa katika mfumo huu huingia darasani na sikio lililokwisha kuzigawa sauti kwa namna yake. Kwake 'play' na 'pray' ni neno moja lenye maana mbili, kama 'kaa' lilivyo kwetu. Yapo pia makosa ya kinyume: mtoto aliyeonywa mno juu ya nazali za ziada huziondoa hata zinapostahili, akaandika 'nuber' badala ya 'number', na 'hugry' badala ya 'hungry'.

Hata hivyo, si kila kosa ni la Kikamba. Asomaye 'name' kama 'na-me' anafuata tu desturi njema ya tahajia ya Kikamba na Kiswahili, ambamo herufi husomwa kama ilivyoandikwa. (Nilipokuwa ng'ambo kwa shahada ya pili, niliwaona watoto wenyeji wakihangaika na tahajia ya lugha yao wenyewe.) Dawa ya kosa hili ni kusoma vitabu vingi, wala si mazoezi ya matamshi. Mkufunzi asiyezitenga aina hizi mbili hupoteza jioni za mtoto na fedha za mzazi.

Je, basi, yatosha kumfundisha mtoto kusoma Kikamba kwanza? Mradi wa PRIMR ulilijaribu jambo hilo katika madarasa ya chini huko Machakos kwa Kikamba, na Bungoma kwa Kibukusu. Watoto walisoma lugha zao vizuri zaidi, lakini katika Kiingereza hawakuwapita wenzao waliofuata mradi uo huo bila ya lugha ya mama. Matokeo hayo huwakera baadhi yetu tuiteteao lugha ya mama, nami ni mmoja wao. Naona yanatuambia kwamba ujuzi hauvuki wenyewe. Lazima awepo wa kuuvusha. Kikamba, kwa mfano, kina irabu saba, zikiwamo ĩ na ũ za 'mũtĩ' na 'mũndũ', na hiyo ĩ inaikaribia irabu ya 'sit' kuliko i ya Kiswahili. Ni mtaji mkubwa, lakini sijamwona mkufunzi hata mmoja akiutumia.

Mvushaji aliye karibu zaidi ni mwalimu wa Kiswahili. Mtoto wa Tulia hukutana na r katika Kiswahili, lugha iliyo jirani ya yake kwa muundo na msamiati, na humo jozi za kumzoeza sikio ni tele: kura na kula, mahari na mahali, kuruka na kuluka lisilo neno. Lakini walimu wa lugha hizi mbili hawaketi pamoja. Kila mmoja husahihisha r kana kwamba ni mali ya somo lake.

Kwa msichana yule tuliyaacha maneno ya Kiingereza kwa jioni mbili. Nilitamka 'kura' au 'kula' nikiwa nimempa mgongo, asinione mdomo, naye akainua mkono wa kulia au wa kushoto. Jioni ya tatu tukaingia 'pray' na 'play'. Katika kusema r bado humponyoka. Katika kuandika, sasa husimama kwanza, akalinong'ona neno, ndipo aandike.