KUJAZA GESI YA KIYOYOZI CHA GARI: NYUMBANI AU KWA FUNDI?

Mkoa wa Katavi, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012 na ambao makao yake makuu ni Mpanda, huwa na kiangazi kirefu ambacho joto lake huzidi mnamo Septemba na Oktoba, kabla ya mvua. Mtumishi anayesafiri katika barabara za udongo za Mlele na Tanganyika hulazimika kufunga vioo kwa sababu ya vumbi. Na anayepita Sitalike kuingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi huvifunga kwa sababu ya mbung'o. Katika hali hiyo kiyoyozi si anasa.

Magari mengi ya huko, kama yalivyo ya Unguja na Pemba, yalikwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa nchini. Kiyoyozi kinapoacha kupoza, mwenye gari huambiwa upesi kuwa gesi imekwisha. Maelezo hayo hayatoshi.

Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika kama petroli. Huzunguka katika njia iliyofungwa: kompresa huikandamiza, kondensa iliyo mbele ya rejeta huipoza ikawa majimaji, kisha hupunguziwa shinikizo na kuchemka nyuma ya dashibodi, ikifyonza joto la hewa ya garini. Gari kuukuu huweza kupoteza gesi kidogo kidogo kwa miaka mingi. Lakini linalohitaji kujazwa kila baada ya miezi michache linavuja, na kulijaza bila kuziba ni kutia maji katika pakacha.

Kabla ya kununua gesi, yafaa kwanza kutazama chujio la hewa ya ndani, kondensa iliyozibwa na vumbi na nyasi, mkanda wa kompresa na feni. Mara nyingine usafi pekee hutosha.

Anayejaza mwenyewe kwa kopo hana budi kusoma kibandiko kilicho chini ya boneti, kinachotaja aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Magari mengi hutumia R-134a. Baadhi ya mapya hutumia R-1234yf, ambayo huweza kuwaka na haichanganywi na nyingine. Kopo hufungwa upande wa shinikizo dogo tu. Likifungwa upande wa shinikizo kubwa huweza kupasuka. Kazi hufanywa mahali pa wazi, kwa miwani na glavu, kwani R-134a huchemka katika nyuzi 26 chini ya sifuri na huunguza ngozi na macho kwa baridi. Magari yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja huhitaji mafuta maalumu ya kompresa, hivyo yapelekwe kwa fundi.

Upungufu wa kopo ni kwamba halionyeshi gesi iliyomo ni kiasi gani, wala haliondoi hewa na unyevu. Gesi ikizidi, kompresa huharibika, nayo bei yake ni kubwa kuliko ya gesi.

Fundi stadi huivuta gesi ya zamani kwa mashine, hutafuta mvujo na kuuziba, hufyonza hewa na unyevu kwa pampu kwa muda wa nusu saa hivi, kisha hupima gesi kwa mizani. Anayeunga mpira na kungoja baridi hajazidi kopo kwa lolote. Gesi ya kupikia isitiwe kamwe, kwani huwaka.

Lipo pia suala la mazingira. R-12 ya zamani iliharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1993, uliiondoa. R-134a haidhuru ozoni, lakini kilo 1 hupasha dunia joto sawa na kilo 1,430 hivi za hewa ya ukaa katika miaka 100. Kwa sababu hiyo Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 yaliamua matumizi yake yapunguzwe hatua kwa hatua.

Wenye magari na wasimamizi wa usafiri wanashauriwa kumwuliza fundi maswali matatu kabla ya kulipa: mvujo uko wapi, hewa imefyonzwa kwa muda gani, na zimetiwa gramu ngapi. Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za gari, ili kiangazi kijacho pasiwe na haja ya kubahatisha.