Bwana Afya na Panya wa Sydney



Ndugu wasomaji, sisi tukaao Lidcombe tunayafahamu vyema makaburi ya Rookwood, ambamo Waislamu nao wana sehemu yao. Wachache ndio wajuao kuwa makaburi hayo yalitokana na shauri la afya. Yalifunguliwa mwaka 1867, mbali na mji wa wakati ule, kwa kuwa makaburi ya katikati ya Sydney yalikuwa yamefurika. Maiti waliletwa kwa treni.

Mwaka 1900 walikuwapo maiti ambao hata Rookwood hawakuletwa. Mwezi wa Januari tauni iliingia kupitia bandarini, na hadi Agosti watu 303 walikuwa wameugua, 103 kati yao wakafariki. Maiti wa tauni walipelekwa North Head, kwenye kituo cha karantini. Nasi twajua kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuingia penye tauni, na kutoka kwa kuikimbia.

Serikali ilizungushia vizuizi mitaa ya karibu na bandari, ikiwemo The Rocks. Mabwana afya waliingia nyumba kwa nyumba, wakikagua vyoo, mitaro na nyua. Wakazi waliofungiwa humo waliajiriwa kufagia na kupaka chokaa, na baadhi ya nyumba zikabomolewa. Watu walitafuta wa kulaumiwa, na vidole vikaelekezwa kwa maskini na kwa Wachina. Lakini wengi wa maskini hao walikuwa wapangaji. Aliyepokea kodi na kuuacha mtaro mbovu alikuwa akiishi kwingine.

Dakta John Ashburton Thompson, mkuu wa Bodi ya Afya ya New South Wales, aliuchunguza ugonjwa wenyewe badala ya kabila la mgonjwa. Alionyesha kwamba tauni hufuata panya, na kwamba viroboto wa panya ndio wanaoipeleka kwa binadamu. Panya maelfu kwa maelfu waliuawa.

Huko kwetu Afrika Mashariki mambo yalikwenda vingine. Tauni ilipozuka Nairobi mwaka 1902, bazaa la Wahindi liliteketezwa kwa moto. Wenye maduka walipoteza mali zao, na bado tauni ilirudi Nairobi katika miaka iliyofuata. Ukaguzi unaomwandama mtu na kumwacha panya huleta dhuluma, na maradhi hubaki palepale.

Ndugu zangu, zipo familia zinazoishi na ukuta wenye ukungu au bomba linalovuja, zikanyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Sheria ya New South Wales inamtaka mwenye nyumba aitunze nyumba katika hali nzuri. Mwandikieni barua, mkaweke nakala. Akipuuza, lipo baraza la upatanishi na hukumu liitwalo NCAT. Na kwa mambo ya panya na maji machafu, Halmashauri ya Cumberland ina maofisa wa afya. Asiyejua Kiingereza aombe mkalimani, wala asione haya.

Usafi wa ndani ni wajibu wetu, na dini yetu imetufundisha tahara kabla ya sala. Lakini mtaro mbovu hautengenezwi kwa ufagio. Bwana afya akibisha hodi, tumfungulie, tumwonyeshe palipoharibika. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Wabillahi tawfiq.