Je, Wajua Kilicho Ndani ya Kifurushi cha DHIS2?

Je, wajua kwamba hesabu ya wagonjwa wa malaria katika zahanati ya kando ya mto Tana hupokewa na programu iliyofungwa kwa mtindo uleule wa faili za zip unazotumiwa kwa barua pepe?

Hewani ni kijiji cha Wapokomo karibu na Garsen, katika kaunti ya Tana River. Kila mwisho wa mwezi, wauguzi wa zahanati za maeneo kama hayo hujumlisha daftari zao na kujaza fomu za Wizara ya Afya. MOH 705A ni ya wagonjwa wa nje walio chini ya miaka 5; MOH 711 hukusanya mambo ya uzazi, malaria, kifua kikuu na mengineyo. Takwimu hizo huingizwa katika DHIS2, mfumo ambao Kenya ilianza kuutumia nchi nzima mwaka 2011. Chimbuko lake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990, na leo uendelezaji wake unaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway.

DHIS2 imeandikwa kwa lugha ya Java, na imegawanywa katika moduli. Zipo zinazoeleza mambo ya msingi: kituo cha afya ni nini, kipindi cha ripoti ni kipi. Zipo zinazofanya hesabu na kuhifadhi. Na zipo za huduma ya wavuti, ambazo hupokea maombi kutoka kwenye simu na kompyuta na kuyajibu. Mgawanyo huu huwawezesha watu wengi kufanya kazi kwa wakati mmoja bila kuharibiana. Lakini seva haitaki vipande vilivyotawanyika. Inataka kifurushi kimoja.

Vifurushi vya Java ni vya aina tatu kuu. JAR hubeba moduli ya kawaida. WAR hubeba programu ya wavuti: ndani yake mna folda ya WEB-INF, na humo mna maktaba ambazo programu inazihitaji. EAR ndiyo kubwa kuliko zote. Ilikuja na toleo la kwanza la J2EE, jukwaa la Java la mifumo ya mashirika makubwa, Desemba 1999, na hukusanya WAR na JAR kadhaa pamoja na faili ya application.xml inayoorodhesha kilichomo. DHIS2 yenyewe hutolewa kama WAR, dhis.war, ambayo huwekwa kwenye seva ya Tomcat. Fungua yoyote kati ya hizo tatu kwa programu inayoonyesha baiti zake: kwa kawaida utakuta herufi mbili za kwanza ni PK. Hizo ni herufi za Phil Katz, Mmarekani aliyebuni mtindo wa zip mwaka 1989.

Nani huvifunga? Kwa DHIS2, kazi hiyo hufanywa na Maven, zana ya Apache ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2004. Kila moduli ina faili ya pom.xml inayotaja jina lake, toleo lake, aina ya kifurushi, na maktaba inazozitegemea. Mtaalamu huandika amri moja, mvn package. Maven husoma pom zote, hupanga moduli kwa utegemezi wao, kwa maana hakuna anayeezeka paa kabla ya kusimamisha nguzo, kisha hushusha maktaba zinazokosekana na kufunga vifurushi. Moduli mbili zikitegemeana kwa mzunguko, Maven hukataa kuendelea na kuzitaja. Ikiwa kifurushi ni EAR, hutumika programu-jalizi ya maven-ear-plugin, ambayo huandika application.xml yenyewe. Inaweza pia kuweka maktaba zinazotumiwa na WAR kadhaa katika folda moja ya lib, ili maktaba moja isirudiwe mara tano.

Orodha ya maktaba iliyo katika pom.xml ni ulinzi pia. Desemba 2021 ilitangazwa kasoro mbaya katika Log4j, maktaba ya Java inayotunza kumbukumbu za matukio ya programu. Kasoro hiyo, iliyopewa jina la Log4Shell, ilimwezesha mshambuliaji kuendesha amri zake kwenye seva ya mwingine. Wengi duniani hawakujua kama maktaba hiyo imo ndani ya vifurushi vyao. Mwenye kutumia Maven aliandika mvn dependency:tree, akaona mti mzima wa utegemezi, akabadilisha namba ya toleo kwenye pom, akajenga upya.

Mfumo wa afya wa taifa hauwezi kutegemea kumbukumbu ya mtu mmoja aliyefunga faili kwa mkono na kuondoka. Lazima mwingine aweze kujenga kifurushi kilekile kutokana na maelezo yaliyoandikwa, na takwimu za mgonjwa wa Hewani zinastahili uangalifu huo sawa na za Nairobi.

Msimbo wa DHIS2 uko wazi kwenye GitHub kwa yeyote. Mwanafunzi wa Garsen au Hola unayejifunza kompyuta, ushushe, soma pom.xml yake, kisha ujenge. Mfumo huu unahifadhi habari za afya ya watu wako, jifunze kuutunza.