Prado Kuukuu: Bei ya Kununua Siyo Bei ya Kumiliki

Askari anayekaribia kustaafu aghalabu huwa na matumaini mawili: nyumba ya matofali kijijini kwao, na gari la kumfikisha huko. Kuhusu nyumba, humwita fundi, hupima kiwanja na kuhesabu matofali. Kuhusu gari, mara nyingi hutosheka na macho yake. Tumeyashuhudia hayo kambini zaidi ya mara moja, na ndiyo sababu tumeona ni wajibu wetu leo kuwaandikia ndugu zetu wa jeshi na polisi juu ya gari linalopendwa mno hapa Uganda: Toyota Land Cruiser Prado la toleo la 90, lililoundwa Japani kuanzia mwaka 1996 hadi 2002.

Mapenzi hayo yana sababu. Gari hili limejengwa juu ya chesisi ya chuma, huvuta kwa magurudumu yote manne, halishindwi na matope ya masika, na vipuri vyake hupatikana kwa urahisi katika soko la Kisekka mjini Kampala. Lakini yafaa tukumbuke jambo moja. Tangu mwaka 2018, sheria ya Uganda hairuhusu kuingizwa nchini gari la kawaida lililotimiza umri wa miaka 15. Kwa hiyo kila Prado la toleo hilo linalouzwa leo limekwisha kukaa nchini miaka mingi na kupita katika mikono ya watu kadhaa. Anayelinunua hununua pia uzembe au uangalifu wa wote waliolitumia kabla yake.

Tuanze na injini. Mengi ya magari hayo yana injini ya dizeli iitwayo 1KZ-TE, yenye silinda nne, turbo, na ujazo wa sentimita za ujazo 2,982. Kiwiliwili chake ni cha chuma, lakini kichwa chake, yaani silinda hedi, ni cha alumini. Alumini hutanuka kwa joto kuliko chuma. Injini ikichemka kupita kiasi, kichwa hupinda, gasketi huungua, na nyufa hutokea katikati ya vali. Huu ndio ugonjwa mkuu wa injini hii, na kila fundi mzoefu anaujua.

Chanzo chake mara nyingi ni maji. Rejeta iliyoziba, feni iliyolegea, themostati iliyokwama au mfuniko uliochoka, kimoja tu kati ya hivyo chatosha kuiua injini. Mfuniko wa rejeta haukuwekwa kwa ajili ya kuzuia maji yasimwagike tu. Kazi yake ni kuhifadhi shinikizo, ili maji yachelewe kuchemka. Bila shinikizo hilo, maji ya Kampala, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, huchemka kwenye nyuzi 96, na ya Kabale, kwenye karibu mita 2,000, huchemka kwenye nyuzi 93. Kadiri unavyopanda mlima, ndivyo injini inavyofanya kazi zaidi, na ndivyo maji yanavyowahi kuchemka. Tena maji matupu ya kisimani huacha kutu na magadi ndani ya rejeta, na huila alumini. Gari hili lataka kulanti iliyochanganywa kwa kipimo.

Tunamjua sajini mmoja aliyechukua mkopo katika chama cha akiba, akanunua gari la aina hiyo kwa sababu rangi yake iling'aa. Hakumwita fundi. Safari yake ya kwanza ndefu ilikuwa ya kwenda Kabale. Mlimani, sindano ya joto ikapanda, gari likazima. Kwa hofu akamimina maji baridi katika injini iliyokuwa ikitokota. Fundi wa kwanza alibadilisha gasketi tu, wala hakukipeleka kichwa kupimwa nyufa. Baada ya majuma mawili gari likachemka tena, safari hii likahitaji kichwa kipya. Tulipomkuta, gari lilikuwa limeegeshwa chini ya mwembe, mkopo ukikatwa kila mwezi katika mshahara, na karo ya binti yake haijalipwa. Alituambia, "Afande, nilidhani nimenunua heshima, kumbe nimenunua deni."

Mnunuzi afanyeje? Aende asubuhi, injini ikiwa baridi. Akikuta muuzaji amekwisha kulipasha moto gari, na awe na shaka. Afungue mfuniko wa rejeta, atazame kama maji yana mafuta au kutu. Injini ikiwashwa, mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta ni dalili ya gasketi au kichwa kibovu. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikisha kupata moto ni dalili nyingine. Lakini kamwe asifungue mfuniko huo injini ikiwa ya moto, kwani mvuke wake huunguza uso.

Jambo la pili ni mkanda wa taiming, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ipo taa katika dashibodi inayowaka muda huo ukifika. Hata hivyo, taa hiyo yaweza kuzimwa bila mkanda kubadilishwa, na hesabu ya kilomita nayo yaweza kurudishwa nyuma. Kama hakuna maandishi ya kuthibitisha, mkanda ubadilishwe mara moja, maana ukikatika njiani waweza kuiharibu injini.

Jambo la tatu ni boljointi za chini za magurudumu ya mbele. Zikilika sana huchomoka ghafla, na gurudumu hulala ubavu. Hapo hatuzungumzii fedha tena, bali roho za watu. Kisha atazame chesisi kwa chini, kwa maana magari mengine yalitumika katika sehemu za Japani ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Tairi nne nazo ziwe za kipimo kimoja na zimelika sawasawa, la sivyo gia za kuvuta huumia.

Sasa tuje kwenye hesabu. Gari hili likienda kilomita 9 kwa lita moja, safari za kilomita 1,000 kwa mwezi zataka lita 111 za dizeli. Zidisha kwa bei ya kituo chako. Kila kilomita 5,000 injini yataka oili mpya, lita kama 7, pamoja na chujio. Ongeza tairi, bima na ujira wa fundi. Tunashauri askari asimalize fedha zake zote kwa muuzaji. Abakize angalau robo kwa ajili ya matengenezo ya mwaka wa kwanza, na amlipe fundi anayemwamini kabla ya kulipa gari. Namba za chesisi na injini zilingane na logibuku. Ndugu zetu wa polisi wanajua vema yanayompata asiyezisoma.

Katika shule ya makadeti tulifundishwa kuwa dereva hukagua maji, oili na tairi kabla ya kugusa ufunguo. Tulidhani ni adhabu ya asubuhi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa injini hii huanza na upungufu wa nusu lita ya maji, jambo ambalo ukaguzi wa dakika tano ungelifichua.